Kabla hamjaikata, isomeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kila bunduki kuukuu ya kijeshi iliyo mikononi mwa raia ichukuliwe, ikatwe, iyeyushwe, mambo yaishe. Ameandika kwa uchungu, na uchungu wake naujua unakotoka. Katika mengi niko pamoja naye kuliko anavyofikiri. Ila kuna jambo moja limempita, nami nadhani limempita kwa kuwa hajapata kuisogeza bunduki ya aina hiyo dirishani, akaigeuzageuza taratibu kwenye mwanga na kuona ilivyojaa maandishi.

Mimi ni fundi saa. Huu ni mwaka wa 22 nakusanya bunduki za kijeshi za zamani, na kwa muda wote huo nimepata nne. Ninakoishi sheria ya silaha ni kali, na barua hii si ya kuilalamikia. Kila bunduki yangu ina kibali chake. Zote zimo ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Makomeo yake, yaani kile kipande unachokivuta na kukisukuma ili risasi iingie chemba, nimeyatoa na kuyaweka chumba kingine, ndani ya sanduku lenye kufuli lake. Risasi sina hata moja. Sipigi shabaha wala siwindi. Wakaguzi huja wakati wowote wanaotaka na nawafungulia.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Miaka sita iliyopita mama mmoja mjane, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea saa ya marehemu mumewe. Nikiwa nimeshafungua mfuniko, akashusha sauti akaniambia kwamba katika kupanga vitu vya marehemu amekuta bunduki nyuma ya kabati, imeviringishwa kwenye blanketi. Mumewe aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa askari. "Fundi," akasema, "naogopa hata kufagia pale ilipo." Nikamwambia mama, usiiguse, twende tukatoe taarifa leo hii. Tukaenda. Jioni ile bunduki ilikuwa juu ya meza ya ofisi, blanketi limefunuliwa, nami nimesimama hatua mbili kutoka hapo.

Ilikuwa Lee-Enfield fupi, ile iliyobebwa na majeshi ya Uingereza katika vita kuu ya kwanza. Upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma pale kitako kinapoungana na mtambo, niliona taji, chini yake herufi GR za mfalme George, kisha neno ENFIELD, mwaka 1916, halafu alama ya aina: III na kinyota pembeni. Kinyota kile si pambo. Kinasema kwamba bunduki hii ilitengenezwa baada ya viwanda kuzidiwa na mahitaji ya vita, ikaamuliwa baadhi ya vipande viachwe ili kazi iende haraka. Kiliondolewa kile kibati cha kufunga magazini, yaani kisanduku cha risasi, kilichomlazimisha askari kupiga risasi mojamoja huku akiba yake ya risasi 10 ikibaki salama. Iliondolewa pia saiti ya pembeni ya kulengea kundi la watu kutoka mbali sana, maana kwenye mahandaki hakuna aliyelenga mbali hivyo tena. Kinyota kidogo kuliko punje ya mtama kinakueleza jinsi vita ilivyobadilika.

Na ubavuni mwa kitako kulikuwa na kisahani cha shaba.

Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda, maana bunduki nyingi za namna hii zimeshapoteza visahani vyao. Ni kiduara cha ukubwa wa sarafu, kimezamishwa kwenye mbao na kushikwa na skrubu moja katikati. Jeshi lilikitumia kugonga herufi fupi za kikosi, mwezi na mwaka ambao bunduki ilitolewa kwa kikosi hicho, na namba yake ndani ya kikosi. Shingo ya chuma inakuambia bunduki ilizaliwa wapi, kisahani kinakuambia iliishi na nani. Cha bunduki ile kilikuwa kimejaa uchafu wa mafuta na vumbi la miaka. Niliona kwamba kuna herufi, lakini sikuweza kuzisoma.

Niliomba mambo mawili: nipitishe kitambaa pale juu, halafu nipige picha. Ofisa aliyekuwa zamu alinijibu kwa adabu kabisa kwamba fomu haina mahali pa hilo. Akanionyesha fomu. Mbele ya neno "maelezo" alikuwa ameandika: bunduki, kuukuu, moja. Muda wa kuomba kuhamisha kibali ulikuwa umepita tangu mzee afariki, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja tu. Baada ya wiki chache nilipata habari kwamba imekatwa vipande vitatu na kupelekwa tanuruni. Yule mama alipokuja kuchukua saa yake aliniuliza, "Ile shaba iliandikwa nini?" Nilimwambia sijui. Hadi leo sijui, na hakuna mtu atakayejua.

Simlaumu ofisa yule. Alifuata kazi yake ilivyoandikwa. Ninachokisema ni kwamba kazi yake imeandikwa pungufu.

Nitaeleza kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu asiyependa bunduki kabisa. Bunduki ya kijeshi ya zamani ni cheti kilichoandikwa juu ya chuma na mbao. Kila mkono rasmi ulioipokea uligonga muhuri wake: mkaguzi wa kiwanda, jeshi, ghala, jeshi lililoiteka, fundi aliyeifufua. Chukua Mosin-Nagant ya Urusi. Ikiwa na nyota yenye mshale imetoka kiwanda cha Tula. Pembetatu yenye mshale, imetoka kiwanda cha Izhevsk. Ukikuta juu yake herufi SA ndani ya kiboksi kidogo, ujue ilivuka mpaka, maana hiyo ni alama ya jeshi la Ufini. Wafini waliteka na kununua bunduki hizi kwa wingi, wakazivunja, wakazijenga upya kwa mitutu na mbao zao. Nyingine hubeba alama zote pamoja, ya aliyeitengeneza na ya aliyemnyang'anya, sentimita chache tu kutoka moja hadi nyingine.

Au Arisaka ya Japani. Juu ya chemba yake lilichongwa ua la krisanthemamu lenye petali 16, nembo ya mfalme wao. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, bunduki nyingi zilikabidhiwa zikiwa zimesagwa pale penye ua, kwa sababu silaha ilikuwa mali ya mfalme na haikufaa imfikie adui ikiwa na nembo yake. Nimewahi kushika mbili kwa mpigo kwa mkusanyaji mwenzangu. Ya kwanza ilisagwa kwa mashine, laini, kazi ya ghalani iliyofanywa kwa mstari. Ya pili ilipigwa tupa kwa mkono, mikwaruzo inapishana huku na huku, na pembeni petali tatu zimebaki. Mtu alikuwa na haraka, au mikono ilikuwa inatetemeka. Nilikaa nayo saa nzima.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sehemu yetu katika cheti hiki. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871: milimita 11, risasi moja moja, baruti ya zamani inayotoa wingu la moshi kila unapofyatua na kumwonyesha adui ulipo. Hiyo ni miaka 28 baada ya Wafaransa kuleta Lebel ya 1886, bunduki ya kwanza ya kijeshi kutumia baruti isiyo na moshi. Mwezi Novemba 1914, vita vya Tanga vilipokwisha, walijipatia bunduki na risasi zilizoachwa na jeshi lililoshuka kutoka baharini. Tarehe 25 Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, wakawapiga Wareno pale Ngomano, Msumbiji, na kuchukua silaha zao. Walipoziweka chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baadaye, bunduki walizosalimisha zilikuwa zaidi za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo Mauser ya Kireno ya 1904, yenye taji na herufi za mfalme Carlos, huenda ilibebwa kwa mwaka mzima na askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani. Kwa kuitazama tu huwezi kujua. Kwa kusoma namba zake, pamoja na kile mtu alichokikwangua kwenye kitako, unaweza kuanza kujua. Majina ya askari wale wengi yametupotea. Namba za bunduki zao ziligongwa kwenye chuma, zipo. Tukikata chuma tunamaliza kilichobaki.

Msomaji ataniuliza: pamoja na ukali wa sheria, wewe unanunuaje? Nanunua polepole, na ninadai kwamba upole huo umenifundisha. Kwa bunduki ya kwanza nilijaza maombi, nikaleta wadhamini, nikapima afya, nikajenga kabati kabla sijawa na cha kuweka ndani yake, nikasubiri miezi 14. Kibali kilipotoka kilikuwa cha bunduki moja. Mtu mwenye nafasi moja hanunui kwa papara. Alikuwapo muuzaji mwenye leseni aliyeniwekea Mauser 98k mezani, ile fupi ya Kijerumani ya mwaka 1935 kuendelea, akaniapia kwamba iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Niliivuta komeo nikakuta namba imechorwa kwa kalamu ya umeme juu ya namba nyingine iliyogongwa. Ubavuni kulikuwa na alama ya X, na mbao imepakwa rangi nzito inayong'aa ambayo Mjerumani hakuitumia. Bunduki ile ilikuwa imetekwa na Warusi. Waliirundika na maelfu ya wenzake, wakachanganya vipande, wakavilinganisha kwa kuviandika namba upya. Ni bunduki halali kabisa ya kukusanya, na historia yake ni kubwa. Ila haikuwa ile niliyoambiwa, nami sikuweka nafasi yangu ya pekee mikononi mwa mtu asiyesema kweli. Nilisubiri miezi mingine mitano.

Siku hizi naenda kuangalia bunduki nikiwa na tochi, lenzi yangu ya kazini, kipande cha karatasi nyeupe na kitambaa cha pamba. Karatasi unaiweka nyuma ya chemba ili irudishe mwanga, kisha unachungulia mtutu toka mbele uone kama mifuo yake bado ina kingo kali au imeliwa na kutu ya baruti. Namba unazilinganisha: mtambo, mtutu, komeo, mbao. Skrubu uzitazame vichwa, maana kichwa kilicholiwa ni ushahidi wa mkono usiojua kazi, kwenye saa na kwenye bunduki sawasawa. Kwenye 98k iliyoletwa na askari wa Kimarekani, telezesha kidole chini ya pete ya mbele: wengi walikata mbao pale kwa msumeno ili bunduki iingie kwenye mfuko wao wa safari, kisha mbao ikaunganishwa. Kwenye Lee-Enfield tafuta herufi DP. Hiyo ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride tu kwa kuwa si salama kufyatuliwa, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuinunua akajiumiza uso. Ile ya Kiswidi ya 1896 huwa na kisahani chake pia, nacho kinatoa kipimo cha ndani cha mtutu na hali yake, kama daktari aliyebandika majibu kwenye kifua cha mgonjwa.

Ya pili kuinunua ilikuwa ya Uswisi, K31. Kitako kimechubuka vibaya kwa chini, na wanunuzi wawili walikuwa wameikataa kwa sura yake, lakini chuma chake ni kama cha saa nzuri. Nilipokwisha kuiandikisha niliifikisha nyumbani, nikafungua skrubu mbili za kibati cha nyuma ya kitako. Nilikuwa nimesikia kwamba askari wa Kiswisi waliweka karatasi pale. Kweli, kati ya chuma na mbao kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, kimekuwa rangi ya chai: jina la mtu, kikosi chake, na mahali anapoishi, kwa mwandiko uliolala upande. Jina sitaliandika hapa, ni la watu. Sisi mafundi saa tuna desturi ya kukwangua alama ndogo ndani ya mfuniko kila tunapotengeneza saa, na nimekutana na alama za mafundi waliokufa kabla sijazaliwa. Siku ile niliona ni jambo moja. Nilikinyoosha, nikakipiga picha, nikakirudisha palepale nilipokikuta, na kibati juu yake.

Msomaji mwenzangu anasema bunduki kuukuu bado inaua. Kweli inaua, na mkusanyaji anayekana hilo anatuharibia sote. Rais John F. Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963 kwa Carcano, bunduki ya jeshi la Italia iliyotengenezwa mwaka 1940 na kuagizwa kwa posta kama mtu anavyoagiza koti. Sheria ya Marekani ya 1968 iliufunga mlango huo wa posta, na ilistahili kufungwa. Huko Hungerford, Uingereza, tarehe 19 Agosti 1987, mojawapo ya silaha za muuaji ilikuwa M1 Carbine, aina ya vita kuu ya pili, inayojipakia yenyewe. Mwaka uliofuata Waingereza walizipiga marufuku bunduki za aina hiyo, na baadhi ya wakusanyaji walipoteza Garand zao, bunduki za jeshi la Marekani zinazojipakia zenyewe. Nawaonea huruma kwa kilichopotea, lakini siwezi kusema bunge lilikosea. Januari 2015 mjini Paris watu waliuawa kwa silaha zilizouzwa kihalali kama za kutoa mlio tu, kisha zikarudishiwa uhai. Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni moja ya jinsi ya kulemaza silaha, iliyoanza kutumika Aprili 2016, na ni kanuni kali kwelikweli.

Lakini hebu aitazame tena ile Carcano. Wapelelezi walimfikiaje mnunuzi wake? Waliisoma. Juu ya chuma palikuwa na mwaka 1940, maneno MADE ITALY, na namba C2766. Namba hiyo iliwapeleka kwenye vitabu vya mwagizaji, kisha duka lililouza kwa posta, kisha fomu ya oda yenye mwandiko wa mtu. Laiti siku ile mtu angejaza "bunduki, kuukuu, moja"!

Sheria kali zenyewe husimama juu ya kusoma. Marekani huiita silaha ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, wakati Canada inataka iwe kabla ya 1898, kwa hiyo bunduki ya mwaka 1898 wenyewe ni ya kale upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili si ya kale. Zile Mosin za Wafini walizozijenga upya zina mwaka wa asili uliogongwa chini ya mkia wa mtambo, ndani ya mbao, hauonekani mpaka ufungue skrubu. Mbili zilizolala kitandani pamoja kama mapacha, moja ina 1896 chini yake, nyingine 1905, na sheria inazitenganisha kwa tarakimu nne. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2021, inataka silaha ya kale iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 na tena aina yake ya risasi, au mfumo wake wa ufyatuaji, iwe kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Risasi ya Lee-Enfield ya yule mama haimo humo, kwa hiyo hata kule ingehitaji kibali kama bunduki nyingine yoyote, na ni sawa. Ujerumani humpa mkusanyaji kadi nyekundu, lakini lazima kwanza aeleze mada ya mkusanyiko wake na aonyeshe kwamba una thamani ya kihistoria. Mimi ningeipokea kadi ya namna hiyo kwa mikono miwili. Anayenunua ovyo aikose, anayesoma aipate.

Na si ofisi za serikali tu zinazofuta maandishi haya. Wenye bunduki tumefuta nyingi zaidi. Baada ya vita kuu zote mbili, maelfu ya bunduki za kijeshi zilikatwa mbao na mitutu ziwe nyepesi kwa uwindaji. Mwingine anapiga msasa kitako mpaka kinang'aa, na mihuri ya wakaguzi inaondoka na vumbi la mbao. Nilimkuta mtu ameichovya Mauser nzima kwenye asidi ili "iwe mpya". Kwa hao hasira yangu ni kubwa kuliko kwa ofisa yeyote, kwa sababu wao hawakuamriwa na fomu.

Ombi langu ni dogo, tena halilegezi sheria hata kwa unywele. Silaha isalimishwe kama inavyosalimishwa sasa. Ikitakiwa kukatwa, ikatwe. Lakini fomu iongezewe mistari sita: aina, mahali ilipotengenezwa, mwaka, namba zote zilizoonekana, mihuri, na maandishi yoyote kwenye mbao au shaba. Pawe na picha tano, kwa simu ya kawaida, baada ya kupitisha kitambaa. Makumbusho ya taifa yapewe siku 30 za kuipitia orodha hiyo kabla tanuru haijawashwa. Wakiitaka, ilemazwe kwa kulehemu na kutoboa mahali pasipo na muhuri, maana bunduki iliyolemazwa haipigi tena lakini bado inasomeka. Wasipoitaka, iende, na maandishi yake yabaki kwenye faili.

Na vile vidude ambavyo si sehemu ya silaha, virudishwe kwa wenyewe. Kisahani kile cha shaba hakifyatui kitu. Kimeshikwa na skrubu moja. Siku ile mezani nilikuwa na bisibisi mfukoni, maana fundi saa haachi bisibisi yake, na kazi yenyewe ingechukua muda mfupi kuliko kusaini ile fomu. Yule mama angeondoka nacho ndani ya mkoba.

Kwa hiyo najitolea. Ofisi yoyote inayopokea silaha kuukuu, iwe moja au ziwe mia, initumie ujumbe nitakuja kwa nauli yangu. Sitahitaji kuzishika. Ofisa azishike yeye, azigeuze upande nitakaomwambia, mimi nisome na kuandika. Nusu saa kwa kila moja inatosha, na nakala ya maandishi nitaiacha palepale. Wapo wakusanyaji wenzangu watatu waliokubali kufanya hivyo pia. Anwani na namba yangu ya simu nimekuachia wewe, Mhariri, pamoja na mfano wa ile mistari sita ya fomu, nimeuchapa kwenye karatasi moja.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi saa na mkusanyaji wa bunduki za zamani